Miguu Inanitembeza Usiku: Kutafuta Chanzo kwa Mwenye Kisukari

Saa nane usiku, nyumba imelala, na kinachosikika ni kubazi za mama yangu ukumbini. Chwa, chwa, chwa mpaka mlango wa uani, kimya kidogo, kisha zinarudi. Nyumba yetu ya Makorora ina ukumbi mrefu kama nyumba nyingi za Tanga, safari moja ni hatua kama kumi na nne. Usiku mmoja nilizihesabu, nikafika mia tatu nikapitiwa na usingizi. Yeye hakupitiwa.

Mimi ni muuguzi. Kutwa nzima naongea na wenye kisukari habari za miguu yao, na wa nyumbani kwangu nilimkata kwa maneno matano: "Hiyo ganzi tu ya sukari." Kisukari chake ni cha aina ya pili, mwaka wa kumi na moja huu, na ganzi anayo kweli, kwa hiyo jibu lilionekana limekaa sawa. Jirani naye alikuwa na lake, kwamba mama anawangiwa, atafutiwe mtu wa kumsomea. Tulilokosa sote wawili ni kuuliza.

Mpangilio ulio hapa chini ndio ambao ningeufuata tangu usiku ule wa kwanza. Unaanza kwa kujua mguu unalalamikia nini, ndipo unatafuta kinachouchokoza. Ukiruka hayo ukaenda moja kwa moja duka la dawa, unaweza kununua kidonge kinachozidisha tatizo lenyewe. Kwetu ndicho kilichotokea.

Ukiinuka ukatembea, kunakuwaje?

Neno "ganzi" tumelitwika mizigo mingi. Miguu ikiwaka moto ni ganzi, ikichoma ni ganzi, ikiwa mizito ni ganzi, msuli ukikaza nao ni ganzi. Siku hizi mgonjwa akiniambia ana ganzi siandiki kitu kwanza. Namuuliza: ukiinuka ukatembea, kunakuwaje?

Mwenye miguu isiyotulia hujibu papo hapo. "Nikitembea inaniacha. Nikikaa inaanza upya." Jina la ugonjwa ni hilohilo, miguu isiyotulia. Mtu anakuwa na hamu ya kuusogeza mguu, hamu asiyoweza kuishinda, na mara nyingi huambatana na hisia ambayo watu hupata tabu kuitaja: sisimizi wanatambaa ndani ya mfupa, soda inachemka kwenye kigimbi, uzi unavutwa kwa ndani. Huanza au huzidi anapotulia, awe amekaa au amelala. Hupungua anaposogea, na nafuu hudumu kadiri anavyosogea. Huwa mbaya zaidi jioni na usiku kuliko asubuhi, hata wengi usingizi wao mtamu ni ule wa kuelekea alfajiri. Yakikutana yote manne, na hakuna maradhi mengine yanayoyaeleza vizuri zaidi, ndiyo yenyewe.

Usitafute kipimo cha damu wala picha ya kuuthibitisha, haipo. Hutambuliwa kwa mazungumzo, na kwenye foleni ya kliniki, ambako kila mtu ana dakika chache na daktari na zote zinaishia kwenye sukari na presha, mazungumzo hayo hayafanyiki.

Kumbe dalili za mama zilikuwepo hata mchana, ila hatukuziunganisha. Kwenye maulidi alikuwa akikaa mkekani robo saa anaanza kugeuza miguu, kulia, kushoto, anainuka kana kwamba ameitwa jikoni, anarudi. Shoga yake alimtania kwamba amekaa kama aliyekalia upupu. Basi la Dar es Salaam lilikuwa adhabu kwake. Aliomba kiti cha upande wa njia, na kila basi likisimama yeye ndiye wa kwanza kushuka.

Kinachoharibika hasa hakiko mguuni. Ubongo una kemikali iitwayo dopamini inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, na katika kuitengeneza unahitaji madini ya chuma. Chuma kikipungua ubongoni, mfumo huo huyumba, na huyumba zaidi usiku. Ndiyo maana kuchua mguu kunafariji lakini kesho mambo ni yaleyale.

Daktari Mwingereza Thomas Willis aliueleza ugonjwa huu miaka ya 1670, na Karl-Axel Ekbom wa Uswidi akaja kuuchambua kwa kina mwaka 1945. Kinachonifurahisha ni kwamba Willis huyohuyo, miaka hiyohiyo, aliandika pia kuhusu utamu wa mkojo wa wenye kisukari. Wazee huku waliujua utamu huo kwa sisimizi wanaojikusanya mahali mtu alipokojoa.

Unatembea, lakini hautulii

Kama kutembea hakubadilishi kitu, miguu inawaka au inachoma vilevile ukiwa jikoni kama ukiwa kitandani, fikiria kwanza mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na sukari ya muda mrefu. Huanzia vidoleni, miguu yote miwili kwa pamoja, na hupanda taratibu kama soksi inavyovutwa. Usiku nayo huzidi, ndiyo maana inachanganywa na hii nyingine. Shuka likigusa tu vidole, mtu anaruka.

Kliniki tunatumia uzi maalumu wa nailoni unaokandamiza kwa nguvu ya gramu 10. Mgonjwa anafumba macho, unamgusa chini ya kidole gumba na penginepo kwenye nyayo, anasema "hapo" akihisi. Nyumbani mtu wako anaweza kukugusa ncha za vidole kwa kidole chake, polepole bila kusukuma, macho yako yakiwa yamefumbwa. Usipohisi kwenye vidole viwili au zaidi, hilo ni la kupeleka kliniki, iwe unalala vizuri au hulali.

Jambo lililonipotosha mimi ni kwamba mtu anaweza kuwa na yote mawili. Mama nyayo zake hazihisi vizuri, hilo kweli. Lakini nyayo zisizohisi hazimtembezi mtu hatua mia tatu usiku. Kisukari chenyewe huongeza uwezekano wa miguu isiyotulia, na waliokwisha kuharibika mishipa ya fahamu wamo hatarini zaidi, kwa hiyo kukuta moja hakukupi ruhusa ya kuacha kutafuta jingine.

Ukiuteremsha mguu tu, unatulia

Hapa pana mtego, na ni wa hatari, nisikilize vizuri. Yupo mgonjwa anayeamka usiku na maumivu ya mguu, anauning'iniza nje ya kitanda, anapata nafuu. Naye atakuambia "nikiinuka inaniacha." Ila muulize: lazima utembee, au hata ukikaa umeuteremsha mguu inatosha? Kama inatosha, nafuu imeletwa na damu inayoteremka kwa uzito wake. Mishipa ya damu ya mguu imebanwa, na mguu ulionyooshwa kitandani haupati damu ya kutosha.

Mtu huyo mchana ana hadithi iliyo kinyume kabisa na ya mama. Akitembea ndipo kigimbi kinapomkamata. Anatoka nyumbani kwenda sokoni Ngamiani, barabara mbili tatu anasimama, anajifanya anatazama vitenge dukani, maumivu yakiisha anaendelea. Ukimtazama mguu utaona ngozi inang'aa, vinyweleo vimepukutika, unyayo una baridi kuliko mwenzake, kidonda kidogo kimekaa wiki kadhaa. Akiwa ni mvuta sigara pia, mashaka yangu huongezeka. Huyu anahitaji kupimwa mapigo ya miguuni wiki hiihii. Asichuliwe kwa nguvu, asikandwe kwa moto, asipigwe chuku.

Yanayofanana nayo kwa mbali

Msuli ukikaza utaujua, kwa sababu kigimbi kinakuwa kigumu kama jiwe, ukikishika unakihisi, na ukivuta vidole kuelekea gotini kinaachia. Kwa wenye kisukari hutokea sana sukari ikiwa juu na mtu anakojoa usiku kucha mpaka maji na chumvi za mwili zinapungua. Dawa za presha za kukojosha nazo huchangia.

Ukiamka unatetemeka, jasho limelowesha shuka, moyo unakwenda mbio, au umeota ndoto za vitisho, weka miguu pembeni upime sukari. Wanaotumia insulini au glibenklamidi, kidonge cha kisukari, wako hatarini kushuka sukari usiku, hasa waliolala bila kula vizuri. Ikisoma chini ya milimoli 3.9 kwa lita, kunywa maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, pima tena baada ya dakika 15. Ikishapanda, kula kitu kabla hujalala.

Kuna na kutotulia kwa mwili mzima, mchana na usiku, mtu hawezi kukaa kitini. Hiyo huletwa mara nyingi na dawa za magonjwa ya akili au za kuzuia kutapika. Mguu mmoja mnene na mzito kwa miaka, katika pwani yetu hii ya matende, ni habari nyingine tena, ingawa nao unaweza kumnyima mtu usingizi.

Kimwage chini kikapu cha dawa

Ukiridhika kwamba ni miguu isiyotulia, usianze na sukari. Anza na dawa.

Mama huweka zake kwenye kikapu cha ukili kilichoning'inizwa nyuma ya mlango. Jumamosi moja nilikimwaga chote mkekani. Zilizotoka kliniki zilikuwa na majina. Nyingine zilikuwa kwenye bahasha ndogo zilizoandikwa kwa kalamu "1×1 usiku", "2×3", bila jina la dawa wala tarehe. Tulikaa pale mpaka adhana ya adhuhuri, yeye akikumbuka ipi ilitoka wapi, mimi nikisoma maandishi yaliyochongwa kwenye vidonge.

Historia ikajipanga. Kituo kimoja kilimpa amitriptilini usiku kwa ajili ya ganzi. Si kosa la ajabu, kwani ni dawa inayotumika kweli kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu. Lakini ni miongoni mwa dawa zinazoweza kuamsha au kuzidisha miguu isiyotulia. Usingizi ukamkimbia zaidi. Duka la dawa likamuuzia piritoni, "utalala kama mtoto." Piritoni na jamii yake, yaani vidonge vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi, promethazini ikiwemo, huchochea miguu hiyohiyo. Kichwa kinalewa usingizi, miguu inakataa, na mtu anatembea ukumbini akiyumba. Nilimwona mara mbili ameshika ukuta, nikadhani ni uzee.

Kwa hiyo tafuta hizi kwenye kikapu chako: piritoni na promethazini; metoklopramidi ya kichefuchefu; amitriptilini na dawa nyingi za sonona; haloperidoli ya magonjwa ya akili na ndugu zake. Ukiikuta ya mafua uliyojinunulia, iache. Ukiikuta uliyoandikiwa na daktari, usiikate ghafla, mpelekee uulize kama kuna badala yake. Za sonona na za akili hasa zina namna yake ya kuachwa, na ugonjwa zinaoutibu unaweza kuwa mkubwa kuliko huu.

Chini kabisa ya kikapu kulikuwa na diklofenaki, za magoti. Alizinywa karibu kila siku kwa zaidi ya mwaka. Nilijua zinaumiza figo za mwenye kisukari. Sikufikiria upesi jambo la pili, kwamba zinachubua tumbo, tumbo linavuja damu kidogo kidogo bila mtu kuona, na damu inayovuja inaondoka na chuma.

Chuma

Hapa ndipo ningetaka kila mwenye tatizo hili akae muda mrefu. Upungufu wa chuma ndio kichocheo kinachopatikana sana na kinachotibika kirahisi, na unaweza kuwepo hata kama "damu" yako imesoma vizuri. Kipimo cha wingi wa damu kinahesabu iliyomo kwenye mishipa. Akiba iliyoko ghalani hupimwa kwa kipimo kingine, feritini, na ghala linaweza kuwa tupu huku dukani bado kuna bidhaa. Kwa mtu wa kawaida maabara inaweza kuandika feritini ya 30 kuwa sawa. Kwa mwenye miguu isiyotulia, wataalamu wanapendekeza kuongeza chuma ikiwa ni mikrogramu 75 kwa lita au chini yake. Mama alisoma 19. Wingi wa damu ulikuwa 11.8, kitu ambacho kila mtu alikuwa amekipita akisema "si mbaya kwa umri wake."

Kipimo cha feritini hakifanywi kila maabara, uliza kabla ya kupanda bajaji. Pia feritini hupanda mwili ukiwa na uambukizo au kidonda kinachovimba, kwa hiyo mwenye kidonda cha mguu anaweza kusoma juu huku akiba ni ndogo. Jambo jingine la kumkumbusha daktari ni kwamba upungufu wa chuma unaweza kukipandisha kipimo cha sukari ya miezi mitatu bila sukari yenyewe kupanda. Wapo walioongezewa dozi ya kisukari kwa sababu hiyo.

Kisha uliza chuma kimekwenda wapi. Mwanamke anayepata hedhi nzito au aliyetoka kujifungua, jibu liko karibu. Mwanamume, au mwanamke aliyekoma hedhi kama mama, lazima itafutwe damu inakovujia. Vidonda vya tumbo ndivyo vya kwanza, na vidonge vya maumivu, aspirini ikiwemo. Kwa watu wa mashambani, wanaolima pekupeku upande wa Muheza na Pangani, minyoo ya safura haijatoweka. Wazee walipoita weupe wa macho na uchovu "safura" walikuwa wanaongea habari ya chuma. Kichocho kinachotoa damu kwenye mkojo nacho kimo. Na ukijikuta unatamani udongo, barafu au mchele mbichi, usione haya kusema, ni dalili inayojulikana.

Vidonge vya chuma ni vilevile wanavyopewa wajawazito. Kimoja kwa siku, au siku moja unakunywa siku moja unaruka, kinatosha, na siku za kuruka zinalisaidia tumbo. Kinywe na maji yaliyokamuliwa limau, au kula chungwa zima. Muheza haiko mbali, machungwa hayakosekani, ila usikamue manne kwenye bilauri ukayanywa na sukari yake yote. Kiweke mbali na chai, kahawa, maziwa na dawa za kiungulia kwa saa mbili hivi. Chai ya rangi ndiyo adui niliyemkuta nyumbani: mama alimeza kila dawa kwa kikombe chake cha chai, chuma kikiwemo. Choo kitakuwa cheusi, hilo la kawaida. Kikiwa cheusi chenye kunata kama lami na kunuka vibaya, hiyo ni damu, nenda hospitali.

Usijipe chuma bila kupima. Mwenye seli mundu aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa nacho kupita kiasi, na chuma kilichozidi huumiza ini na hata kongosho ambalo tayari lina shida zake. Chakula kinasaidia pia: dagaa, maini, nyama, kunde, mchicha, kisamvu. Lakini ghala lililokauka hivyo chakula peke yake hulijaza kwa muda mrefu mno. Pima tena baada ya miezi mitatu. Ikiwa haijasogea, au tumbo limekataa vidonge kabisa, kuna chuma cha kudungwa kwenye mshipa hospitalini.

Figo na vitamini

Figo zikichoka, miguu isiyotulia hufuata mara nyingi, na kwa walio kwenye kusafishwa damu ni kilio cha kila kitengo. Mwenye kisukari anatakiwa apimwe protini kwenye mkojo na kreatinini kwenye damu angalau mara moja kwa mwaka. Kama mwaka umepita, umepata sababu.

Metformini, kidonge cha kisukari, ikitumika miaka mingi hupunguza vitamini B12, na upungufu wake huleta ganzi inayofanana kabisa na ya sukari. Dawa za vidonda vya tumbo za kunywa kila siku hupunguza B12 na chuma pia. Usiache metformini, omba upimwe. Vile vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B vinavyouzwa kila duka kama dawa ya mishipa, mimi siyapendi mazoea ya kuvinywa mwaka mzima: vingi vina B6 nyingi, na B6 nyingi kwa muda mrefu yenyewe huleta ganzi.

Kahawa ya barazani

Wanaume wa Ngamiani watanichukia. Kahawa chungu baada ya isha, vikombe vitatu vinne na kashata mkononi, inagusa pande zote mbili: kashata inapandisha sukari, kahawa inaipa miguu nguvu ya kumhangaisha mwenyewe. Jaribu wiki mbili bila kahawa wala chai nzito baada ya alasiri, uone. Kwa wengine haibadilishi kitu, na hao warudi kwenye kahawa yao, bila kashata. Sigara na pombe nazo huongeza, pombe hasa ile inayonywewa "ili nilale".

Usiku wenyewe, saa nane

Umeamka, miguu imeanza. Usishindane nayo ukiwa umelala, hasira ndiyo huisha kwanza. Inuka, vaa viatu, washa taa. Mwenye ganzi asitembee pekupeku uani gizani, kwani msumari au ganda la kome atalijua asubuhi kwa damu shukani. Tembea dakika chache, egemea ukuta unyooshe vigimbi, kisigino kikiwa chini, kila mguu nusu dakika, rudia.

Kukanda kwa maji ya vuguvugu au ya baridi, wengine inawafaa. Ila maji ayapime mtu mwingine kwa mkono, au wewe kwa kiwiko, kamwe si kwa mguu. Nimefunga vidonda vya watu walioweka nyayo kwenye beseni la maji ya moto wakisikia "vuguvugu zuri". Kuchua kwa mafuta ya nazi hakuna ubaya kama ngozi ni nzima. Mafuta ya taa, moto wa mkaa, kuchanjwa chale miguuni, hapana; kidonda cha mwenye kisukari hakina adabu.

Kuna kitu mama alikigundua mwenyewe. Akisuka ukili miguu inatulia. Akili ikishikwa na kazi ya mkono, ile hamu hupungua, na si yeye tu, hili linajulikana. Wengine bao, wengine kushona kofia. Simu hailingani, mwanga wake unafukuza usingizi uliobaki. Sasa ana miyaa yake karibu na kitanda, na miezi ile mibaya nyumba ilijaa mikeka.

Mazoezi ya kawaida ya mchana husaidia, lakini ukijichosha sana jioni unaweza kuichokoza miguu. Na sukari yenyewe ishushwe taratibu na daktari, kwani iliyokaa juu muda mrefu ikiporomoshwa ghafla inaweza kuamsha maumivu makali ya mishipa ya fahamu.

Dawa za daktari

Kama chuma kimerudi, vichochezi vimeondoka, na bado miguu inakukosesha usingizi siku nyingi za wiki, dawa zipo. Gabapentini au pregabalini ndizo ambazo siku hizi huanzwa nazo, na kwa mwenye kisukari zina faida ya kutuliza pia maumivu ya mishipa ya fahamu. Dozi yake hufuata figo. Huleta kizunguzungu na huweza kuvimbisha miguu, kwa hiyo mzee aanze na kidogo sana, wakati wa kulala.

Zipo za jamii ya dopamini, kama pramipeksoli. Hufanya kazi upesi mpaka mgonjwa akashangaa, kisha kwa wengine, baada ya miezi au miaka, hugeuka: dalili zinaanza alasiri badala ya usiku, zinapanda mikononi, na kila ukiongeza dozi zinazidi. Ukiona hivyo sema mapema, usijiongezee kidonge.

Usisubiri kliniki ya mwezi ujao

Kigimbi kimoja kimevimba, kina joto na kinauma, hasa baada ya safari ndefu au kulala hospitali. Mguu umekuwa wa baridi na mweupe au wa bluu ghafla. Kidole kimegeuka cheusi, au kidonda kinatoa usaha. Miguu imelegea na mkojo hauzuiliki. Hayo ni ya leo, hata kama ni usiku.

Ikiondoka kisha ikarudi

Mama tulimbadilishia amitriptilini taratibu kwa maelekezo ya daktari, piritoni ikatupwa, diklofenaki ikaachwa, tumbo likatibiwa, chuma kikaanza. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya tatu alilala mpaka saa tisa. Miezi mitatu baadaye feritini ilikuwa 58, bado haijafika, lakini kubazi zilisikika mara moja moja tu.

Halafu msimu wa kusi, usiku mmoja, chwa, chwa, chwa. Nikapitia orodha upya kitandani: chai, chuma, figo. Asubuhi nikamuuliza kama kuna alichokunywa. "Hapana mwanangu, ile ya mafua tu aliyonipa jirani." Nikaomba kuiona. Ilikuwa imeandikwa nyuma ya boksi, kwa herufi ndogo, klorofeniramini, yaani piritoni kwa jina lake la ubatizo, imechanganywa na panado. Alikuwa amekunywa siku nne.